Nafasi Kumi na Mbili

Wiki iliyopita mshikio wa sufuria yetu kubwa ulilegea, nikaenda kutafuta koleo katika sanduku la vifaa vya baba. Sanduku lile halifunguliwi mara nyingi siku hizi. Nilipoinua kifuniko, harufu ilinifika kabla macho hayajazoea giza la ndani: mafuta ya mashine, kutu, na chini yake mukula. Wanaoujua mti huo hawahitaji kuelezwa. Kwa wasioujua, ni mti mwekundu hadi moyoni, ukikatwa hutoa unga kama pilipili ya kusaga, na unga huo unanukia asali iliyoungua kidogo kwenye sufuria. Nilidhani nimeisahau harufu hiyo. Niligeuka kutazama mlangoni kana kwamba nimeshikwa nikiiba.

Chini ya randa na misumeno, ndani ya mguu wa suruali kuukuu uliokatwa, nilikuta kile kitako cha chombo ambacho baba hakukimaliza. Ni pete ya mbao ya muvula, yaani mvule, ya rangi ya samli, pana kama sahani ya wali, na juu yake vimesimama vipande kumi na viwili vya mukula, kila kimoja na urefu wa kidole gumba, vimeachana kama meno ya mtoto. Kati ya kipande na kipande kuna nafasi. Nilizihesabu, ingawa nilijua idadi yake. Kumi na moja zilikuwa wazi. Ya kumi na mbili ilikuwa imezibwa kwa kitu kigumu cha rangi ya uji wa ulezi, na juu ya kitu hicho kulikuwa na mikwaruzo midogo midogo. Panya, nilijiambia. Kisha nikakumbuka kwamba mimi niliziba tano, nikajiuliza zile nne zilikwenda wapi. Zilikauka zikaanguka zenyewe, nilijiambia tena. Mimi ni mtu wa kujiambia mambo.

Nimemaliza chuo kikuu, niko nyumbani Kasongo kwa wazazi wangu, na nina muda mwingi wa kufikiri kuliko unaomfaa mtu yeyote. Habari ya nafasi zile nimeshaieleza mara elfu, lakini kichwani tu. Kwa mdomo sijawahi.

Baba yangu alikuwa mkerezaji. Kukereza ni kuuzungusha mti kwenye mashine na kuunyoa kwa patasi huku unazunguka, mpaka uwe mviringo. Alijifunza ujanani kwenye karakana ya mapadri, yeye mtoto wa chuo cha Kurani, na alipenda kutuambia kwamba huko walimpa vitu viwili: ufundi, na jina la utani ambalo hakuwahi kututajia. Alitengeneza miguu ya vitanda, michi ya kutwangia, na fimbo za wazee. Mashine yake ilikuwa nusu mbao nusu baiskeli. Kaka yangu Saidi ndiye aliyeiunganisha hivyo. Aling'oa gurudumu la mbele la baiskeli yake mwenyewe, akaifunga baiskeli kwenye nguzo mbili uani, kisha akapitisha mkanda uliokatwa kwenye mpira wa tairi ya lori, kutoka gurudumu la nyuma mpaka kwenye mhimili wa mashine. Mtu mmoja anakaa kwenye kiti na kukanyaga, mwingine anasimama na patasi. Saidi alikanyaga, baba akakereza. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila baba duniani anafanya kazi hivyo, akiwa na mwana anayeendesha baiskeli isiyokwenda popote.

Saidi naye alikuwa ameanza kulifikiria hilo. Asubuhi moja nilikuwa nafagia uani, nikawasikia wakizungumza kwa sauti ya kushinda kelele ya mkanda.

"Baba, hapa hakuna nafasi."

"Nafasi gani tena? Nyumba iko kubwa."

"Naongea juu ya nafasi ya mutu kuishi. Ya kuoa. Kila siku nakanyaga hii kinga, jioni niko palepale." Kinga kwetu ni baiskeli.

Baba alicheka kidogo, kisha akasema bila kuinua macho kutoka kwenye mti: "Basi enda ukatafute nafasi yako. Mimi sikukukamata miguu."

Mimi wakati huo nilijua nafasi moja tu, ile ya kwenye mkeka. Mama akisema "mupe mwenzako nafasi", unasogea. Kwa hiyo nilielewa kwamba kaka yangu anaondoka kwa sababu tumebanana. Tulikuwa tukilala chumba kimoja, yeye upande wa mlango, mimi upande wa ukuta. Kuanzia siku ile nilijikunja kama konokono, magoti kidevuni, mgongo ukigusa udongo wa ukuta, ili aone nafasi ipo. Nilifanya hivyo siku tano. Siku ya sita alipanda nyuma ya pikipiki iliyobeba madumu ya mafuta, akaenda Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu. Aliniambia, kama kaka mkubwa anavyojiita kwetu, "Yaya wako anarudi mbele ya Maulidi. Usimwachie mutu kinga yangu." Nilimwambia sawa. Sikumwambia kwamba ninaweza kujikunja zaidi.

Mwanzoni habari zilikuja. Dereva wa pikipiki aliyempeleka alikuwa akipita kwetu kila aliporudi, amejaa vumbi mpaka kwenye kope, akinywa maji vikombe viwili bila kupumua kabla ya kusema lolote. "Anawasalimia. Iko muzima. Amekonda, lakini kule wote wamekonda." Halafu zikapita safari mbili hakumwona. Mama hakulia. Alitawadha, akaketi, akaweka nadhiri. Alisema Saidi akirudi atasomewa Maulidi hapahapa uani, na ubani utachomwa katika chombo kipya ambacho moshi haujawahi kukigusa.

"Chombo mimi nitatengeneza," baba akasema. Alisema haraka, kama mtu aliyekuwa akingoja kupewa kazi.

Nimeifikiria sana haraka ile. Sasa ninaona kwamba ndiye aliyesema "enda", na kwamba hakuwa na kitu kingine cha kufanya ila mbao.

Chombo alichokitaka hakikuwa cha kawaida. Alikuwa amekiona katika picha, kwenye kitabu kisicho na jalada huko karakana, na tangu ujana hakuwahi kuthubutu. Kilikuwa kama kawa kubwa, au mtungi usio na chini, wa kusimamishwa juu ya chetezo cha udongo ili moshi uzunguke ndani na kutokea pande zote. Alikiita nyumba ya ubani. Hakikuchongwa kutoka gogo moja. Kilijengwa kwa vipande vidogo, mukula mwekundu na muvula wa manjano, safu juu ya safu, na vipande havikugusana ubavuni. Alichora duara kwenye ubao kwa msumari na uzi, akaligawa kwa mistari, sehemu kumi na mbili za mbao na kumi na mbili za hewa. Kila kipande cha safu ya juu kilikaa juu ya nafasi ya safu ya chini, kikikanyaga mabega ya vipande viwili. Alipaka kole nyeupe, yaani gundi, akaweka jiwe juu, akangoja mpaka kesho. Kesho yake alisugua safu ile mpaka iwe sawa, ndipo akaweka nyingine. Safu moja nyekundu, safu moja ya manjano. Safu tisa. Wiki mbili nzima nyumba yetu ilinuka mukula na kole, na chapati zilikuwa na vumbi jekundu.

Jirani yetu Mama Aziza, aliyekuwa akikaanga mikate mbele ya nyumba yake na kujua mambo yetu kabla yetu, alikuja kutazama, mikono kiunoni.

"Bwana fundi, mbao imekuishia? Mbona unajenga matundu?"

"Haya si matundu, Mama Aziza. Ni nafasi."

"Matundu yenye jina la heshima."

"Nafasi ndiyo kazi yenyewe," baba akasema. "Mbao iko hapa ya kuishika tu. Nikiziba, moshi itapita wapi?"

"Itapita kwenye macho yangu, kama kila siku," Mama Aziza akajibu, akaenda zake kugeuza mikate.

Kulikuwa na tatizo moja. Saidi hakuwepo wa kukanyaga. Baba alijaribu kijana mmoja wa mtaani, lakini kijana alikanyaga kama anayefukuzwa na nyuki. Ndipo siku moja mama alifunga kikwembe chake vizuri kiunoni, akapanda juu ya baiskeli ya mwanawe, akaanza. Alikanyaga vizuri kuliko Saidi. Alikanyaga sawasawa, mdomo umefungwa, macho mbele, kama mtu anayejua anakoelekea. Mtaa mzima ulikuja kuona.

"Mama Saidi!" Mama Aziza alipiga kelele. "Unaenda wapi na hiyo kinga ya muguu moja?"

"Naenda Salamabila," mama akasema, bila kupunguza mwendo. "Namurudisha mutoto wangu."

"Ukifika Kabambare unipigie simu!"

Watu walicheka, na mama alicheka, na mimi sikucheka, kwa sababu niliamini. Najua jinsi jambo hili linavyosikika. Lakini nilikuwa na akili ya miaka ile, na kila nilichokiona kilithibitisha: mama anakanyaga, gurudumu linazunguka, na kila jioni anashuka akiwa amechoka kama mtu aliyetoka safari. Nilikuwa nikimuuliza, "Mama, umefika wapi leo?" Akanijibu, "Leo nimefika Wamaza." Au, "Leo nilipata mvua, nimelala njiani." Kumbe alikuwa anatania. Au hakuwa anatania. Hata leo sijui, na siwezi kumuuliza.

Na sasa neno lenyewe. Jioni moja mama alikuwa akichambua mchele pamoja na Mama Aziza, na mimi nilikuwa nimejilaza nyuma yao nikijifanya nimelala. Mama alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuitumia mbele yetu:

"Nyumba yangu iko na nafasi, Mama Aziza. Toka Saidi aende. Natandika mukeka, naiona. Napakua chakula, naiona. Hakuna kitu ya kuiziba."

Mama Aziza, ambaye siku zote alikuwa na jibu, aliuvuta mchele wa mama upande wake, akaendelea kuchambua.

Nililala hapo nikifikiri. Nimekuwa nikifikiri namna hii tangu zamani, si chuo kikuu kilichonifundisha. Nyumba yetu ilikuwa na nafasi moja, na nafasi hiyo moja ilimfanya mama aseme kwa sauti ile. Na hapo uani, chini ya turubai, baba yangu mwenyewe alikuwa anatengeneza nafasi kumi na mbili kwa kila safu, safu tisa. Nilikuwa nimeshajifunza kuzidisha. Mia moja na nane. Niliona wazi kwamba baba hajui anachokifanya. Niliona kwamba Saidi hawezi kurudi katika nyumba inayoongezewa nafasi kila siku. Aliondoka akisema hakuna nafasi, ni kweli, na hilo lilinichanganya, lakini nililiweka kando. Mtoto anaweza kuweka kando jambo lisilomfaa, na hilo ndilo jambo pekee ambalo nimeshindwa kuendelea nalo ukubwani.

Ijumaa, baba alienda msikitini mapema. Mama alienda kwenye kilio mtaa wa pili. Mama Aziza aliambiwa aniangalie, na aliniangalia mpaka usingizi wa mchana ulipomchukua kwenye kiti chake.

Chombo kilikuwa kimekamilika kujengwa. Kilikuwa tayari kimefungwa kwenye mashine, kinangoja Jumamosi, siku ya kukerezwa. Safu ya chini kabisa baba alikuwa ameizungushia utepe wa mpira wa baiskeli, ili ibane wakati anakereza za juu. Nilianza hapo, chini, kama mtu anayejenga nyumba. Nilifungua utepe. Katika kopo la kole kulikuwa na kidogo tu kilichobaki, kimeanza kuganda, nikaongeza maji kutoka kwenye birika la baba la kutawadhia. Maji ya udhu, nilifikiri, yatasaidia. Nikachanganya na vumbi la mbao, jekundu na la manjano, mpaka ikawa uji. Nikaanza kusukuma uji ule ndani ya nafasi kwa kidole changu kidogo cha mwisho. Ulikuwa baridi na ulinata. Maji yalichuruzika juu ya mabega ya vipande, nikayapangusa kwa gauni. Nafasi ya kwanza. Ya pili. Kila nilipomaliza moja nilisema moyoni jina lake, Saidi, si kama dua, bali kama mtu anayebandika jina kwenye mzigo usipotee.

Nilikuwa kwenye ya tano niliposikia kandambili za watu wanaotoka msikitini. Nilizungusha utepe upesi, nikanawa, nikaketi kando ya Mama Aziza. Aliamka akaniuliza, "Umekaa hapo muda wote?" Nikasema ndiyo. Nilijua kwamba nimebakiza mia moja na tatu, na nilikuwa na mpango wa Ijumaa zijazo.

Jumamosi asubuhi baba alinoa patasi yake kubwa mpaka ikawa inakata nywele za mkono. Aliizungusha nyumba ya ubani polepole kwa kiganja, akaipulizia vumbi. Alitazama safu za juu. Ya chini ilikuwa imefunikwa na mpira. Mama alipanda baiskeli.

"Leo tunafika?" baba akamuuliza.

"Leo tunafika," mama akasema.

Nilisimama mlangoni na ufagio. Nilikuwa nimeamka na wasiwasi mdogo, si kwamba kitavunjika, hilo halikunipitia akilini, bali kwamba atafungua mpira na kukasirika kabla sijamaliza zote. Mama alianza. Chombo kilizunguka, kwanza unaona vipande, kisha unaona mistari, kisha huoni nafasi hata moja. Nilishtuka kwa furaha. Kilikuwa kimeziba chote! Kilikuwa kama moshi mzito wenye rangi mbili, na ukikaza macho unaona ukuta wa upande wa pili kupitia ndani yake. Kilikuwa kinapiga mluzi pia, mluzi mwembamba wa upepo unaokatwa. Baba aliweka ncha ya patasi, na ikatoa mlio wa harakaharaka, kila kipande kikigonga kwa zamu yake. Unga mwekundu ukamwagika kwenye mikono yake. Alikuwa anatabasamu. Mama alikuwa amemtazama yeye, si njia.

"Polepole kidogo," baba akasema.

Nilitaka kusema. Nataka niseme ukweli hapa: nilitaka. Neno "baba" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Sikuwa na sababu, sikujua kwamba maji hulainisha kole, nilijua tu kwamba kuna kitu changu ndani ya kile kitu chake na kwamba yeye hajui. Lakini alikuwa anatabasamu, na ilikuwa imepita miezi.

Kilipovunjika hakikulia kama kitu kinachovunjika. Kililia kama mfuko wa maharagwe uliopasukia juu ya bati. Safu nane za juu ziliachana na ile ya chini zote kwa pamoja, zikapiga ukuta wa jikoni, zikatawanyika uani, nyekundu na manjano, nyingine zikiendelea kuruka kama panzi. Baba alikuwa ameshika nyusi, na damu ilipita kati ya vidole. Na mama hakuacha kukanyaga. Hicho ndicho kinachonirudia zaidi ya damu. Kwa muda ambao leo ninakadiria kuwa pumzi tatu au nne, mama aliendelea kukanyaga, macho mbele, na kile kitako kilichobaki kikaendelea kuzunguka na mpira wake.

Kisha akashuka.

"Nimekanyaga mbio," akasema.

"Hapana."

"Uliniambia polepole. Nimekanyaga mbio."

"Ni mukono yangu, Mama Saidi. Patasi imekamata. Ni mimi."

"Usinidanganye. Ni miguu yangu."

"Nakuambia ni mukono!"

Hawakuwa wakigombana kama watu wanaotupiana kosa. Kila mmoja alilivutia kwake, na kosa lilikuwa langu, na mimi nilikuwa nimesimama pale na ufagio. Baba alimwambia mama akalete maji. Mimi nikaanza kufagia. Hakuna aliyenituma.

Baba alifungua kile kitako mwenyewe, ametupa mgongo. Alikigeuza mara moja, akakifunga kwenye kitambaa, akakiweka kwenye sanduku. Nilingoja aniite. Nilingoja siku hiyo, na siku iliyofuata, na naweza kusema bila kutia chumvi kwamba sijaacha kungoja. Hakuniita. Vipande vingine viliishia kwenye moto wa jikoni, na kwa siku mbili chai yetu ilinukia asali iliyoungua.

Maulidi ilifika. Ilisomwa msikitini kama kila mwaka, si uani kwetu. Baada ya hapo yule dereva wa pikipiki alikuja, akanywa maji vikombe viwili, akasema Saidi ameacha shimo walilokuwa wakichimba, ameondoka na wenzake wanne, hakuna anayejua wamekwenda upande gani. "Kule watu wanahama, mama. Leo huku, kesho kule. Atatokea." Hakutokea. Hakuna aliyetuletea habari ya kifo, wala ya uzima. Hajasomewa hitima, kwa sababu hitima husomewa waliokufa. Hajasomewa Maulidi ya nadhiri, kwa sababu hiyo ni ya waliorudi. Jioni mama akitandika mkeka, watu watatu tunakaa, na pembeni ya baba panabaki mahali pa mtu mmoja. Hakuna anayepanuka kupachukua. Imekuwa desturi tu, kama kuvua viatu mlangoni.

Mama hakupanda tena baiskeli ile. Baba hakujenga tena kitu chenye nafasi. Alihamia kwenye milango na madirisha, kisha macho yakaanza kumchoka.

Chuo kikuu nilisoma saikolojia ya mtoto. Kuna somo zima linaloeleza kwamba mtoto wa umri ule huunganisha mambo yasiyohusiana, akaamini kwamba tendo lake dogo limesababisha jambo kubwa la mbali. Nilipata alama nzuri katika somo hilo. Niliandika kurasa sita, nikaeleza kila kitu kwa mpangilio, na usiku wa kuamkia mtihani nilijikuta nikihesabu tena: kama nisingeongeza maji, kole ingeshika, kama kole ingeshika, chombo kingekamilika, kama chombo kingekamilika. Hapo hesabu hufika ukingoni, na mimi hubaki nimesimama pale ukingoni, na karatasi zangu sita.

Siku hizi nazunguka maofisini na bahasha ya vyeti, nikitafuta kazi. Wote ni wapole. "Hakuna nafasi kwa sasa, mama. Acha dosie, tutakuita." Kila wanaposema hivyo ninaisikia sauti ya Saidi juu ya kelele ya mkanda, na ninaelewa, miaka mingi baada ya kujikunja kama konokono, alichokuwa anakimaanisha.

Alhamisi jioni, kabla ya magharibi, mama huchoma ubani na kufukiza nguo za Ijumaa. Alhamisi hii, sijui nilikuwa nataka nini, nilikitoa kile kitako nikampelekea. Nilidhani ataniuliza maswali. Alikishika tu, akapitisha kidole juu ya meno yake mekundu, akakisimamisha kuzunguka chetezo, akatandika kikwembe chake juu. Moshi ulikosa pa kwenda juu, ukaanza kutokea pembeni, kupitia nafasi, nyuzi kumi na moja nyeupe, zilizonyooka mwanzoni kisha zikalegea.

"Kumbe ingetoka vizuri hivi," mama akasema.

Alizihesabu nyuzi kwa kidole. Kisha akaegemea mbele.

"Na hapa? Mbona hapapiti?"

Niliondoa kikwembe, nikachukua kisu cha jikoni, nikashika kitako kile kikiwa bado na joto, nikaanza kukwangua ile nafasi ya kumi na mbili. Ilikuwa ngumu kuliko mbao zilizoizunguka. Nilikwangua upande mmoja, kikatoka kijivumbi tu. Nilijaribu kuingiza ncha ya kisu na kuikaza, na kipande cha mukula kikatoa mlio mdogo.

"Acha, mama."

Ilikuwa sauti ya baba. Aliniita mama, kama siku zote, kwa sababu nina jina la mama yake. Alikuwa amesimama mlangoni na birika lake, sijui tangu lini, akinitazama kwa macho yake yasiyoona vizuri.

"Utavunja mbao," akasema.

"Nataka kuifungua tu, baba."

"Haitoki. Zile nne zilitoka. Hiyo ilikataa. Nimeshajaribu."

Alivua kandambili, akaja polepole mpaka kwenye mkeka, akakaa mahali pake. Akavuta kanzu yake karibu na magoti, akasogea kidogo, ikabaki nafasi pembeni yake. Nilisimama na kisu mkononi, nikijaribu kujua kama nafasi ile ni yangu, au ni ileile ya Saidi.